Boga Lililokwenda Kagio

Nilimwahidi nyanya yangu kwamba boga lake lingerudi nyumbani siku ileile, likiwa zima, na kikonyo chake juu. Niliahidi nikiwa nimesimama jikoni kwake, mwendo mfupi kutoka Gakindu, nimevua kofia, kwa sauti ileile niliyoitumia chuoni nilipokuwa mwenyekiti wa chama cha mazingira. Nilikuwa tayari hata kuapa, lakini alinikatiza.

"Usiniapie, mume wangu. Rudisha tu."

Ananiita mume wake kwa sababu nilipewa jina la babu, kama desturi yetu inavyotaka kwa mjukuu wa kwanza wa kiume, na tangu nikiwa mchanga amenitazama kama mwanamume aliyerejea kutoka safari ndefu bila kutoa maelezo ya kutosha.

Boga lenyewe lilikaa kwenye rafu ya juu, karibu na dari iliyopakwa masizi na moshi wa miaka mingi. Halikuwa la rangi ya machungwa kama yale ya sokoni. Lilikuwa la kijivu chenye mistari ya kijani, lenye mbavu nene, dogo kiasi cha kukumbatiwa kwa mikono miwili. Nyanya alikuja na mbegu yake alipoolewa, akiwa ameifunga kwenye pindo la leso, na kila mwaka huipanda nyuma ya jikoni. Kila mwaka mengine huliwa, na moja huachwa rafuni kungoja mvua ya Oktoba, ndipo likatwe na mbegu zake zirudi udongoni. Mwaka ule nungunungu waliuvamia mmea wake na kubakiza boga moja tu. Kwa hiyo lile lililokuwa rafuni halikuwa moja kati ya mengi. Lilikuwa ndilo. Nililijua hilo vizuri, na ninalisema mapema kwa kuwa baadaye baadhi ya jamaa walijaribu kunitetea kwamba sikujua.

Nililihitaji kwa ajili ya meza. Dada yangu alikuwa anatolewa mahari, sherehe ambayo kwetu huitwa ruracio, na katika simu yake alikuwa ameona picha ya meza ya watu wa nchi za mbali, ambako miti hupukutisha majani yote kwa pamoja na watu huliona hilo kuwa jambo la kusherehekewa. Katikati ya meza palikuwa na maboga, maua mabichi na majani makavu mekundu. Akasema, kama mtu anayeomba kitu kidogo, kwamba angependa wazee wazungumzie mambo yake mbele ya meza kama ile. Sisi hatuna majira hayo. Tuna gathano, baridi ya Julai yenye ukungu unaofika mpaka mlangoni, na mlima tunaouona uani siku za jua tulikuwa hatujauona kwa majuma mawili. Lakini maboga tulikuwa nayo.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye aliyesimamia kila kitu, alikuwa ameshaelewana na mpambaji wa mjini Nyeri. Mpambaji angeleta maua ya plastiki, sponji na mishumaa iliyomwagiwa vumbi la kumetameta. Nilisimama mbele ya jamaa zangu na kutoa hotuba. Nilisema haifai nyumba mpya kuanzishwa na maua yasiyooza, maua yatakayokuwa bado yako kwenye mfereji wakati wajukuu wa maharusi wamezeeka.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama kudumu si ndiko tunakoiombea ndoa.

Nami nikajitolea kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Siku moja kabla ya sherehe nilinunua maboga manne sokoni Gakindu, matatu ya kuchimbwa yawe vyungu vya maua na la nne la akiba. Nilikadiria kazi ya saa moja. Nilikwangua kwa kijiko tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, nimekaa kwenye kigoda katikati ya akina mama waliokuwa wakichambua maharagwe, na hakuna aliyepita bila kusimama kutazama. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba hakuna kitakachotupwa: nyama ya boga iende kwenye sufuria ya mukimo, ipondwe pamoja na viazi na mahindi, na mbegu zikaangwe. Hilo waliliafiki. Kilichowasumbua ni hatua iliyofuata.

"Sasa chakula iko kwa sufuria, na maganda iko kwa meza ya wageni," mmoja wao alisema, akiwatazama wenzake ili ajue kama ni yeye peke yake asiyeelewa. "Na ndiyo umesomea hiyo?"

Niliwaeleza kwamba ni mapambo. Waliitikia kwa upole, kama watu wanavyomwitikia mgonjwa.

Maua niliyatafuta kwa miguu. Mtoni nilipata yale meupe marefu yaliyojikunja kama faneli, kwenye uzio wa mama nikapata dalia za rangi ya damu, na shambani, kati ya mistari ya mahindi, nikavuna magugu yale yenye maua madogo ya manjano na harufu kali, kwa imani kwamba hakuna mmea unaostahili kudharauliwa. Baba alifika, akayanusa, akavuta kiti.

"Nimeng'oa hii kitu miaka thelathini," alisema. "Leo imeingia nyumbani ikakaribishwa mezani kuniliko."

Majani makavu ndiyo yaliyonipa taabu zaidi. Mti pekee kwetu unaodondosha majani ya kahawia ya kupendeza ni mgrevilea wa mpakani mwa shamba la kahawa. Nilijaza gunia, nikayatandaza mezani kwa mpangilio uliochukua muda kuufikiria, nikaenda kunawa mikono. Niliporudi meza ilikuwa safi inang'aa, na shangazi amesimama na ufagio akilalamikia upepo wa siku hizi. Nikatandaza tena. Akafagia tena. Mara ya tatu niliandika karatasi: Tafadhali usifagie, haya ni mapambo. Shangazi alilisoma tangazo, akalikunja vizuri, akaliwekea jiwe lisipeperuke, akafagia.

Tuliishia kukubaliana. Majani yangekaa katikati tu, yasifike mahali pa sahani, na mgeni akiuliza, lawama ingekuwa yangu.

Asubuhi ya sherehe ndipo nikafika kwenye boga la nyanya, lililokuwa kilele cha kazi yote. Tatizo lilikuwa kitako chake. Kilikuwa cha mviringo kabisa, na hema letu la wageni, kama kila kitu katika sehemu zetu, lilikuwa limesimama kwenye mteremko. Kila nilipoliweka boga, lilianza safari ya polepole kuelekea bondeni. Nilijaribu kulizuia kwa mawe, kisha kwa pete ya majani ya migomba, bila kufaulu. Hatimaye niliingia stoo na kukuta, kikining'inia msumarini, kiondo cha zamani cha mama, cha mkonge uliosukwa kwa mkono, chenye mkanda wake wa ngozi. Nililitia boga ndani. Likakaa kana kwamba kilisukwa kwa kipimo chake, nusu ndani na nusu nje, na pembeni nikachomeka dalia na yale maua meupe ya mtoni. Nilirudi nyuma hatua nne kutazama. Nasema bila kujisifu kwamba lilikuwa jambo zuri. Nililipiga picha kumi na mbili.

Msomaji wa kwetu ameshaliona kosa langu. Mimi, niliyezaliwa humohumo, sikuliona.

Kwa wale wa mbali nieleze. Siku ya ruracio akina mama wa upande wa bwana harusi huja na vyondo vilivyojaa unga, maharagwe na sukari, na ni mwiko vyondo hivyo virudi vitupu. Mwenyeji lazima awatilie wageni wake kitu cha shambani, na mama wa bwana harusi ndiye hupewa kiondo cha kwanza na kilicho bora. Katika siku kama hiyo, kiondo chenye mazao, kilichowekwa mbele ya wageni, hakijawahi kuwa pambo. Hakuna mtu aliyenionya kwa sababu hakuna aliyedhani palikuwa na cha kuonya. Shangazi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alikiona, akafikiri angalau kitu kimoja mezani pale kilikuwa kimefanywa kwa akili.

Wageni walifika kutoka Kagio, kule Kirinyaga, wakiwa wamechelewa kwa heshima inayotakiwa. Mama wa bwana harusi alikuwa mfanyabiashara wa mboga sokoni huko, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichoingia hemani kabla yake. Wazee walikaa pande mbili za meza, na hapo kazi yangu ilionyesha kasoro yake ya kwanza: ilikuwa ndefu mno. Msemaji wa wageni alikuwa mzee mfupi. Alisogea kushoto amwone msemaji wetu, na msemaji wetu, kwa adabu, naye akasogea. Walisalimiana kwa muda kupitia kwenye maua. Mwishowe mgeni akakohoa na kuligeukia boga.

"Mimi nitaongea na huyu mzee aliyenyamaza hapa katikati," alisema. "Naona ndiye mkubwa wenu. Hata hajatuuliza mbona tumechelewa."

Hema zima lilicheka, na baada ya hapo kila jambo zito lilielekezwa kwanza kwa boga. Dada yangu alinitazama akitabasamu, nami nilihisi kwamba chuo hakikuwa kimepotea bure. Nyanya alikuwa mstari wa mbele, amejifunika shali, macho kwenye boga lake lililohamia mezani, kama mtu aliyemwachia mgeni mzigo wake kwenye kituo cha basi. Macho yetu yalipokutana nilimwashiria kwa kichwa kwamba kila kitu kiko sawa.

Baada ya chakula mama wa bwana harusi aliomba nafasi ya kushukuru. Alitembea mpaka mezani, akakishika kiondo kwa mikono yote miwili, akakinyanyua. Majani ya mgrevilea yakamwagika chini. Kisha akafanya jambo ambalo wanawake wa umri wake hawalifanyi siku hizi ila kwa furaha ya kweli: aliupitisha mkanda kwenye paji la uso, kama mama zetu walivyobeba zamani, kiondo kikamkalia mgongoni, naye akacheza hatua tatu.

"Nimepewa vyondo vingi katika maisha yangu," alisema. "Cha kuvalishwa maua sijawahi. Hawa watu wametupenda."

Vigelegele vilipanda. Nilijikuta nimesimama, nusu ya sentensi ikiwa imeshatoka mdomoni. Baba aliushika mkia wa koti langu, akanivuta chini.

"Baba, lile boga ni la..."

"Najua ni la nani. Kaa."

Nilikaa. Kudai kitu kilichomo ndani ya kiondo cha mkwe, siku ya dada yako, mbele ya pande mbili, ni aibu ambayo ingefika mpaka Doldol, ambako hatumjui mtu. Nilimtafuta nyanya kwa macho. Alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine, taratibu, kwa utaratibu mzuri, na hakuwa anamtazama anayecheza. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilikumbuka boga la nne. Nililichukua jikoni, kubwa, la rangi ya machungwa, zito kama mtoto wa miaka miwili, nikakimbia nalo hadi magari yalipokuwa yanapakiwa. Nia yangu ilikuwa kubadilisha. Ningemwambia mama huyo kwamba lile la kiondoni ni dogo na hili ni kubwa, na yote mawili ni kweli, na kwa njia hiyo nisingekuwa nimedanganya. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo. Palikuwa na sentensi moja fupi ya kweli ambayo ningeweza kumwambia pembeni, na mimi nikaenda kutafuta boga.

Hakunipa hata nafasi ya kusema lolote.

"Njooni muone," aliwaita wenzake. "Huyu ameona moja halitoshi, ati anakimbia kuniongezea." Alinishika shavu. "Ni wewe ulipamba ile meza? Msichana atakayeolewa na wewe hatapika, atakaa tu akiangalia."

Wenzake walicheka. Boga la nne lilipakiwa kando ya la kwanza. Nilijaribu tena, nikasema kwa shida, "Mama, mbegu za lile dogo..."

"Usijali mbegu," alinijibu. "Kwangu hakuna kitu inatupwa."

Hilo lilinipa moyo. Nilisimama nikipunga mkono mpaka magari yalipomezwa na ukungu, nikijiambia kwamba nimekutana na mtu mwenye msimamo kama wangu.

Nilikwenda kwa nyanya kabla jua halijatua. Alikuwa ameshafika na amekoleza moto. Hakuniambia nikae.

"Mume wangu," alisema, "tuliagana nini?"

"Lirudi siku ileile, Cucu. Likiwa zima."

"Na kikonyo."

"Na kikonyo."

"Liko wapi?"

Nilimweleza yote, pamoja na habari ya boga la nne. Alisikiliza akigeuza kuni. Nilipofika mahali nilipokuwa napunga mkono, aliinua uso.

"Yule mume wangu wa kwanza alikuwa mlevi," alisema. "Alipoteza mbuzi. Alipoteza kiatu kimoja, mara mbili. Lakini mbegu hakunigusia."

Kisha akaniwekea uji, kwa sababu hasira yake haijawahi kufika kwenye uji, na akanieleza sheria. Boga halidaiwi. Kilichotoka ndani ya kiondo kimetoka, na akisikia nimelidai atanikana mbele ya kanisa. Lakini mbegu huombwa. Hakuna mkulima anayeona haya kuomba mbegu, na hakuna anayeona haya kutoa. Dada yangu apige simu, aombe mbegu chache tu, basi.

Jambo lilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo, na kama ningeliomba hilo kando ya gari, hadithi ingekomea hapo. Lakini ruracio ilikuwa Jumamosi, na sisi, kwa adabu, tulingoja hadi Jumanne ndipo dada akapiga simu, ili tusionekane tuna haraka.

Jumatatu mama mkwe alikuwa amelipeleka boga sokoni Kagio. Alikuwa amelikata vipande na kukiachia kila kipande mbegu zake, kwa sababu wateja hupenda kuziona ndipo waamini boga limekomaa. Alimweleza kila mnunuzi kwamba limetoka kwa wakwe zake wapya wa Nyeri, watu wanaopamba vyondo kwa maua. Kabla ya saa nne asubuhi halikubaki hata ganda. Kwa kweli hakuna kilichotupwa. Alipoambiwa habari ya nyanya na leso yake, dada anasema aliuliza mbona hakuambiwa, ilhali yule kijana alisimama naye hapohapo kando ya gari.

Nilikwenda Kagio siku mbili za soko. Nilikuwa nimechora boga lile kwenye karatasi na kulitia rangi, nikasimama kando ya kibanda chake nikiwaonyesha wapita njia. Mwanamke mmoja aliitazama picha kwa huruma akaniuliza mtoto alipotea lini. Mwingine alikumbuka kwamba alinunua, tena lilikuwa tamu, lakini mbegu aliwakaangia wajukuu wake. Alinisifia hata mbegu.

Siku ya pili mama mkwe alinirudishia kiondo cha mama. Alikuwa amekijaza, bila shaka, kwa mchele wa Mwea wa kunukia, na juu ya mchele alikuwa ameweka boga kubwa la rangi ya machungwa. Nililitambua mara moja. Lilikuwa la nne, zima kabisa, na kikonyo chake juu.

Nilimpelekea nyanya. Alilizungusha, akaligonga kwa kidole, akaligusa kikonyo.

"Ahadi umeitimiza," alisema. "Boga ndilo umekosea."

Tulilila kwa mukimo. Mvua ya Oktoba imekuja na kupita tangu siku hiyo, na nyuma ya jikoni kwake pameota sukuma wiki tu, ambazo anasema hazina mazungumzo. Rafuni hajaweka kitu kingine. Shangazi aliwahi kutundika sufuria hapo, na nyanya akaishusha.

Kwa hiyo nina ombi. Kama ulinunua kipande cha boga la kijivu lenye mistari ya kijani sokoni Kagio, kwa mama mrefu mwenye kicheko, ukazitupa mbegu nyuma ya jikoni kwako, na sasa pana mche unaotambaa ambao hukumbuki kuupanda, tafadhali usiung'oe. Uache uzae. Kisha kausha mbegu kumi kivulini, uzifunge kwenye karatasi, wala si plastiki, na umwachie mama huyo kibandani kwake. Atajua ni za nani.